Sindano haimuui mtoto mwenye degedege

Juzi mama mmoja wa Micheweni, huku Pemba, kaniandikia. Mwanawe wa miaka miwili ameshikwa na degedege, na wakubwa wa nyumba wanamkataza kwenda hospitali: ati mtoto wa degedege akipigwa sindano hafiki asubuhi. Anauliza kama ni kweli.

Si kweli, mdogo wangu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, mwanangu yuko mapajani.

Alishikwa magharibi, kwetu Wete, homa inamchoma tangu asubuhi. Macho yakageuka juu, meno yakabana, mkono mmoja ukawa unapigapiga. Nyumba ikajaa watu. Huyu kaleta mvuje, yule ubani, mwengine kijiko cha kumpanulia meno na bakuli la kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Nikamkinga kinywa kwa kiganja changu wasimtie kitu. Mama mkwe akasema ndege wa usiku kampitia juu ya paa, wa kumtoa ni mganga. Nikamkunja kwenye kanga, nikatoka. Alipimwa, ni malaria, akapigwa sindano hiyo hiyo wanayoiogopa. Leo yuko skuli ya sekondari. Niliyoambiwa mlangoni usiku ule bado yananiuma, lakini mwanangu ninaye.

Uzushi huu una nguvu kwa sababu degedege ya homa, inayowapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mara nyingi hukoma yenyewe ndani ya dakika chache. Mganga akiwa keshafukiza, sifa anachukua yeye. Kumbe malaria bado imo mwilini. Kesho yake mtoto anakimbizwa hospitali yuko hoi. Akifa, inalaumiwa sindano. Zile saa alizokaa kwa mganga hakuna anayezihesabu!

Na msiniambie malaria imekwisha visiwani. Imepungua sana tangu dawa mseto ilipoanza 2003 na vyandarua vyenye dawa vikafuata, lakini ipo. Homa ya uti wa mgongo nayo huja na degedege.

Mlaze ubavu. Usimtie kitu kinywani, si kijiko, si kombe, kwani wakati ule hamezi na maji yatampalia. Dua someni, tena sana, mkiwa njiani. Ikipita dakika 5 haijakoma, hiyo ni hatari, kimbieni. Ikikoma, hata akiwa anacheka, apimwe damu siku ile ile. Na mama wenzangu, msingoje ruhusa ya mtu.