Jaruba lililoachwa halihitaji miche kwanza, linahitaji maji

Msomaji ameniandikia kutoka kaskazini mwa delta ya Rufiji. Kikundi chao kimepata fedha za kurudisha mikoko kwenye majaruba ya mpunga yaliyoachwa, na anauliza wanunue miche mingapi kwa hekta. Jibu langu: msinunue hata mmoja bado.

Mkulima hukata mikoko pale ambapo maji ya mto yamepunguza chumvi, huchoma, hupanda mpunga misimu kadhaa, kisha kaa na magugu humshinda na kuhamia kwingine. Anachoacha nyuma ni tuta linalozuia bahari. Maji ya kujaa hayaingii, na mbegu za mikoko huletwa na maji hayo hayo. Nafasi inachukuliwa na kangaga, ndago, matete na ule mtambaa unaofunika miti michanga hadi ikose jua. Hapo mkipanda juu ya hali hiyo, mtakuwa mmefukia fedha tu.

Anzeni na usawa wa ardhi. Chukueni mpira mwangavu wanaotumia mafundi waashi kupimia usawa, mlinganishe jaruba na msitu wa mikoko usiokatwa ulio karibu, uliosimama kwenye mkondo huohuo. Mikoko haikui popote penye tope: inakaa kati ya usawa wa kati wa bahari na kikomo cha maji ya bamvua kubwa, yaani siku bahari inapojaa kupita kawaida. Chini ya hapo miche huzama muda mrefu mno. Ndiyo sababu upandaji wa kwenye matope wazi ya mdomoni mwa mto hufa kwa wingi, na bado watu wanaurudia kwa kuwa ni rahisi kufika na picha hutoka vizuri. Jambo hili linaniudhi sana. Mfadhili anayehesabu miche iliyopandwa badala ya iliyo hai anawafundisha watu kupanda vibaya.

Kisha vunjeni matuta, lakini si kila mahali. Tafuteni mkondo wa zamani ulipopita na mkate hapo, hadi kufikia kina cha mkondo wenyewe. Udongo mnaotoa uzibe mitaro iliyochimbwa na watu. Mkiurundika kando, mmejenga tuta jingine. Mwanya mwembamba mno hufanya maji yaingie kwa kasi na kumomonyoa kingo.

Pimeni pia asidi. Tope la mikoko lina salfa iliyoshikamana na chuma. Likibaki limelowa halina madhara, lakini likikauka na kuingiwa na hewa, salfa hiyo hugeuka asidi. Dalili zake ni madoa ya manjano iliyopauka kwenye udongo na maji yenye rangi ya kutu. pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 4, acheni maji ya bahari yaingie na kutoka mizunguko mingi ya bamvua kabla ya kupanda chochote.

Kangaga ing'olewe na kisiki chake. Kukata majani tu hakusaidii, na moto ni mbaya zaidi: unaua michipukizi ya mikoko, kangaga inachipua upya. Fungueni njia zinazoanzia mkondoni kuelekea ndani, ili mbegu zinazoelea zifike kwenye tope.

Sasa subirini msimu mmoja wa mbegu. Ikiota miche yenyewe kwa wastani wa mmoja kila mita ya mraba, jazeni mapengo tu.

Palipobaki wazi, kila mti na mahali pake. Mkoko wenyewe (Rhizophora) kando ya mikondo, mkandaa nyuma yake, mchu pale chumvi inapozidi, msikundazi na mkomafi kwenye maji yaliyolainishwa na mto. Wengi hupanda mkoko peke yake kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kushika. Chukueni iliyokomaa, yenye shingo ya manjano, isiyotobolewa na wadudu. Iwekeni kivulini ndani ya gunia bichi kwa wiki moja, kaa hawaipendi sana kama ile mbichi. Ichomekeni theluthi moja ya urefu wake, ncha ikiwa chini, umbali wa mita 2 kwa 2, yaani mbegu 2,500 kwa hekta. Mbegu za mchu zilowekeni siku moja zitoke ganda, kisha zikuzwe kwenye viriba. Pandeni siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo, mawimbi yasizing'oe.

Hesabuni baada ya miezi 3, 6 na 12, mkiandika kila uliokufa umefia wapi na kwa nini: umekatwa na kaa, umeng'olewa, umefukiwa na tope au umeoza. Bwawa la Julius Nyerere, juu kwenye mto Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 2022, hivyo mafuriko na tope vinavyoshuka deltani haviwezi kuchukuliwa kuwa kama zamani. Vipimo vya miaka ya nyuma virudiwe.

Na jaruba ambalo bado linalisha familia msiliguse bila makubaliano na mwenyewe. Kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kipatikane kabla jembe la kwanza halijagusa tuta, maana mikoko yote ya delta ni hifadhi ya misitu.