Sanrufu inavuja: anzia kwenye vipaipu, silikoni iache dukani

SWALI: Wahariri, salaam. Gari langu ni la Kijapani, la mwaka 2004, lina sanrufu ya kioo, yaani dirisha la paa linalofunguka. Tangu masika yaanze, kila nikifunga breki maji yananidondokea kutoka kwenye taa ya dari, hata mvua ikiwa imekatika. Kapeti ya mbele nayo haikauki. Fundi mmoja anataka kuigandisha sanrufu kwa silikoni isifunguke tena. Mwingine anasema nibadilishe mpira wote wa kioo. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa sasa, hata mmoja. Mpira unaozunguka kioo cha sanrufu haukuwekwa kuzuia maji yote. Unapunguza maji na kelele za upepo, basi. Yanayopenya huangukia kwenye mfereji wa fremu chini ya kioo, kisha huteremka kwa vipaipu vya mpira, kwa kawaida vinne, kimoja kila kona. Vya mbele hupita ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za milango au ndani ya fenda. Vya nyuma hushukia kwenye nguzo za nyuma na kutokea karibu na bampa. Kikiziba kimoja, maji yanatuama. Ukifunga breki yanakimbilia mbele, yanafurika juu ya kitambaa cha dari, na tundu la kwanza yanalolipata ni la taa. Dalili yako inaelekea huko moja kwa moja.

Hakikisha kabla ya kulipa mtu. Egesha mahali tambarare, fungua sanrufu yote, futa majani na vumbi mferejini kwa kitambaa chenye unyevu. Mulika kona kwa tochi utafute vitundu. Vya nyuma huwa vimejificha chini ya kioo kilichorudi nyuma. Mimina robo lita ya maji polepole kwenye kona moja huku mwenzako akichungulia chini ya gari. Maji yanatakiwa kutoka kwa mkondo, si tone moja moja. Yakituama, paipu ya kona hiyo imeziba. Yakipotea upesi lakini chini hakuna kinachotoka, paipu imechomoka au imepasuka ndani, na hapo acha kumimina.

Kuzibua hakuhitaji gereji. Chukua mita mbili za uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, unene wa milimita 2 hivi. Pasha ncha kwa kiberiti iwe butu. Sukuma ukizungusha, ukikwama usilazimishe, vuta kidogo, mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni, endelea. Waya wa breki wa baiskeli unapendwa sana na mafundi, ila ncha yake hutoboa mpira uliozeeka. Kibaya zaidi ni upepo wa kompresa: ukifunguliwa wote hung'oa paipu kwenye shingo yake juu ya dari, na kazi ya nusu saa inageuka kuwa kushusha dari nzima.

Usisahau mwisho wa chini. Paipu nyingi huishia na kizibo cha mpira chenye mpasuko mwembamba, na tope hupenda kuganda hapo. Kibinye kwa vidole mpaka mpasuko uachane, kisha mimina maji tena. Kuzibua juu peke yake huwa kunarudisha tatizo mvua ya pili.

Ikiwa paipu imechomoka, itabidi kuvua plastiki ya nguzo na kushusha kona ya dari. Gari likiwa na eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) za pembeni, mwachie fundi anayezijua. Mpira wa umri huo hukakamaa na kusinyaa kwa joto, kwa hiyo ukiurudisha hivyo hivyo utachomoka tena. Badilisha kwa paipu laini yenye kipenyo kile kile cha ndani, ifungwe kwa klipu.

Silikoni je? Ile yenye harufu ya siki hushambulia chuma, na siku motokaa itakapohitaji kufunguliwa dari utalipia kukwangua. Mpira wa kioo badilisha ukiwa umepasuka au umelala. Bana kipande cha karatasi kati yake na paa, kivute: kikitoka bila kushikwa popote, pengine kioo kimekaa chini mno, na kuna skrubu za pembeni za kukirekebisha. Ukiupaka, upake grisi ya silikoni; oili ya injini huuvimbisha.

Kapeti usiianike ikiwa mahali pake. Sponji iliyo chini hushika maji wiki nzima huku juu pakionekana pakavu, na sakafu inaota kutu. Fungua viti, inua kapeti, weka vigingi chini ipite hewa. Angalia pia soketi za nyaya zilizolala hapo.

SWALI: Sanrufu yangu nimeipima, vipaipu vyote vinatoa maji. Mbona miguuni kwa abiria bado kunalowa, hata kiangazi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Washa AC dakika 20 gari likiwa limesimama. Kama chini ya injini hapadondoki maji, paipu ya kutolea maji ya AC ndiyo iliyoziba. Iko kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Izibue kutoka chini kwa uzi ule ule.