Ruta mbili za meshi zinatosha

Dada, umeuliza ufanyeje waifai ifike hadi chumba cha nyuma. Kwa nyumba ya vyumba vinne na kuta za tofali za kuchoma kama ulivyoieleza hapo Ujiji, anza na ruta mbili za meshi, yaani vifaa vya waifai vinavyoshirikiana kusambaza mtandao mmoja nyumba nzima, hata zile za bei nafuu. Ila tafadhali, ya pili usiipeleke chumba cha nyuma ambako mtandao haufiki, itasambaza nini? Iweke koridoni, katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inashika waifai vizuri, juu kidogo, mbali na friji. Mawimbi ya waifai ya GHz 5 yana kasi lakini ukuta mnene unayadhoofisha, ya GHz 2.4 yanapenya zaidi. Ukiweza kuvuta waya wa mtandao kati ya hizo mbili, vuta. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.