Samoni na halibati kwa siku moja: Seward au Homer?

Kaka, kama unatokea Anchorage, Alaska, mwishoni mwa Julai na una siku moja tu ya kuvua samoni na halibati, mimi ningekwenda Seward. Ni kama kilomita 200, na wakati huo samoni wa aina ya koho wanaanza kuingia Resurrection Bay, ghuba ya Seward. Homer wanasifika zaidi kwa halibati, ila barabara ni ndefu.

Kabla ya kulipia boti, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Halibati, jamaa wa gayogayo, hulala chini kabisa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huburuta chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) na chambo hakitulii. Chagua maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, ukiweza. Ukitumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, usivute kwa pupa anapodonoa. Mwache ameze, mshipi ukaze wenyewe, ndipo uzungushe rili. (Wavuvi wazoefu ndio hukosea hapa, mikono yao imezoea kushtua.) Samoni yeye hukokotewa chambo juu zaidi, hana shida.

Leseni inanunuliwa mtandaoni, na samoni mfalme anahitaji stempu ya ziada. Sheria za halibati kwa boti za kukodi ni kali kuliko za boti binafsi na hubadilika kila mwaka, hata siku za wiki zinazofungwa, kwa hiyo muulize nahodha. Halibati wakubwa sana karibu wote ni majike. Ningewarudisha, na nyama ya wadogo ni tamu zaidi.

Dawa ya kigegezi imeze kabla ya kupanda.