Re: Gari la maonyesho kuwa la mbio za saa 24

Mkuu, umeuliza ubadilishe nini ili mchoro wako wa gari la maonyesho uonekane kweli ni wa mbio za saa 24 kama za Le Mans kule Ufaransa, zaidi ya kubandika bawa nyuma.

Anza na joto. Magari ya maonyesho huzibwa pua ili yapendeze. Fungua tundu la rejeta, halafu chora pa kutokea juu ya boneti, maana hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Kila breki ipate mfereji wake: mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 huvumilia angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, yakishanyonya unyevu ni 155 tu, na yakichemka pedali inazama mpaka chini.

Rimu za inchi 22 ni za kupigia picha Nyerere Square. Weka 18, za kufungwa kwa nati moja katikati. Na kile kimstari cha taa za LED pale mbele hakimuliki kitu saa nane usiku. Weka taa za maana.

Ukilijenga hapa Dodoma, tuko kama mita 1,100 juu ya bahari: injini isiyo na tabo (ya kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, na hewa hiyo hiyo nyepesi inapooza rejeta kwa shida. Ongeza ukubwa wake.