Simu ikiita, moyo unanienda mbio

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 34, mume na watoto wawili. Kwetu tumezaliwa sita, mimi ndiye wa kwanza, na tangu baba afariki mzigo wote ni wangu. Mama akiumwa, mimi. Ada ya kitinda mimba, mimi. Bodaboda ya mdogo wangu ikikamatwa, mimi. Siku hizi simu ikiita tu moyo unanienda mbio, viganja vinatoka jasho. Natuma hela, halafu usiku silali kwa hasira. Juzi nimemfokea mume wangu mbele ya watoto kisa kaunguza wali. Nimeshakopa kausha damu mara mbili na yeye hajui. Nawapenda ndugu zangu, lakini natamani kuitupa simu mtoni. Je, nina roho mbaya? – Dada Mkubwa*

Marahaba mwanangu.

Roho mbaya huna. Mwenye roho mbaya asingekopa ili mwingine alipiwe ada, na wala asingekosa usingizi.

Tuanze na huo moyo. Kwanza pita kituo cha afya wakupime presha, wingi wa damu na tezi ya shingoni. Upungufu wa damu unaweza kuleta mapigo ya mbio, na tezi inayofanya kazi kupita kiasi vilevile, nami sitaki maneno yangu yafunike ugonjwa wa kutibika kwa vidonge.

Wakikuta uko sawa, basi sikiliza. Simu inapoita, mwili wako unaamini kuna hatari, unamwaga adrenalini ileile inayomwagika ukikoswakoswa na gari. Sasa jiangalie unachofanya hapo: unatuma hela. Ukishatuma, mapigo yanashuka. Kumbe hukununua dawa ya mama peke yake, umenunua na dakika kumi za utulivu wako. Ndiyo maana hasira inakuja usiku, akili ikisharudi nyumbani. Na mwili unashika somo haraka kuliko wanafunzi wako: ukishajua kwamba dawa ya hofu ni kutuma, simu ya kesho itakushtua zaidi.

Kwa hiyo kuanzia leo, ombi la hela lisijibiwe palepale, labda mtu awe kitandani hospitali. Sema, "Nimekusikia, nitakujibu kesho jioni nikishaongea na shemeji yako." Kata simu. Moyo utapiga kama ngoma, uache upige. Kaa chini, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita, dakika tano hivi. Kule kuitoa taratibu ndiko kunakoupunguza moyo mwendo. Siku za mwanzo utajiona mkatili. Huyo wa bodaboda ndiye atakayekuwa mgumu. Sijamwona, ila meseji yake naijua: "Dada uko poa?" Halafu kimya, mpaka umjibu.

Weka na daftari, mwalimu hakosi daftari. Kila ombi andika ni nani, kiasi gani, na sentensi iliyopita kichwani kabla hujafungua mdomo. Daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960 aliwagundua wagonjwa wake wana fikra fupi fupi zinazochomoka zenyewe, nao wanaziamini bila kuzihoji. Ya kwako imo kwenye barua: mimi, mimi, mimi. Mko sita, mwanangu. Hata asiye na kipato ana miguu ya kumpeleka mama kliniki.

Mama sasa. Tafadhali usimwambie kwa meseji, na kwenye kundi la familia la WhatsApp ndiyo usithubutu. Likizo ya mwezi wa 6 nenda mwenyewe. Mpitie kwanza mama mdogo au shangazi yako, mtu ambaye mama humsikiliza, umweleze yote ili siku hiyo awepo. Jioni mkiwa mnachambua mboga, zungumza. Neno moja ulikwepe: "nimechoka". Ukisema nimechoka, mzazi anasikia nimekuchoka. Mwambie hivi: "Mama, kila mshahara ukitoka kiasi fulani ni chako, hakitakosekana. Kinachozidi hapo naomba tukae sote sita." Kiasi chenyewe uwe umeshakipanga na mumeo. Mama anaweza kunyamaza, pengine hata akalia. Mjane aliyezoea kumtegemea mtoto mmoja ana hofu yake, naye simu hiyo hukupigia wewe moyo ukimwenda mbio vilevile. Mkalie karibu, mshike mkono. Kiasi usikiongeze kwa sababu ya chozi.

Turudi kwenye wali. Mwanamume alikuwa jikoni anapika! Mimi hapo ningemwombea dua kwanza, kuungua baadaye. Ulimfokea mbele ya watoto, basi msamaha nao umwombe mbele ya watoto. Wakishalala, mwonyeshe mikopo yote miwili, kiasi ulichochukua, kilichobaki na riba, bila kupunguza hata shilingi. Atakasirika, na ana haki. Lakini hasira yako ya usiku nusu yake ni ndugu, nusu ni hii siri unayolala nayo kitanda kimoja. Wa tatu usikope. Jina lenyewe la mkopo limeshakuonya.

Ukipita wiki mbili hulali, chakula hakipiti, au lile wazo la kutupa simu mtoni likageuka kuwa wazo la kujitupa mwenyewe, usingoje jibu la safu hii. Nenda hospitali ya mkoa siku hiyohiyo, uulizie huduma ya afya ya akili, na mumeo akusindikize.

Shule zikifunguliwa mwezi wa 7, niandikie mama alisemaje.