Chalii wa Moshi, hiyo Ijumaa usipeleke hela popote

Komenti za wengine sijasoma, nimesoma ya kwako tu chai ikapoa. Eti mswada umerudishwa na wachapishaji watatu, umechoka, sasa umepata jamaa hapo Double Road atakutolea nakala 500 kwa milioni mbili na nusu, na Ijumaa unachukua mkopo kikoba. Aisee usiende. Ukienda utakuwa mimi, na mimi mmoja natosha.

2016 niko Arusha hapahapa, riwaya yangu imekataliwa mara ya pili. Barua nimeichukua posta pale mnara wa saa, nikaifungulia ngazini, nikafika kwenye "tunasikitika" nikaikunja nikatia mfukoni. Hiyo barua iache kwanza, tutairudia.

Kuna mzee alikuwa na ofisi juu ya duka la steshenari, tai shingoni jua la saa saba, anajiita mchapishaji. Mswada wangu hakufungua hata ukurasa, akaupima tu mkononi kama mtu anayenunua nyanya, akasema, "Kijana, hawa wa Dar wanakuonea wivu." Wivu! Mimi ambaye hata balozi wa nyumba kumi hanijui jina. Ila nilikuwa na kidonda, na yule mzee alijua pa kupulizia. Laiti angenitukana ningeondoka na pikipiki yangu.

Maana niliiuza. Nikaongezea na mkopo wa kikoba wa mama watoto (huo ni uzi wake kabisa), ikafika milioni 3.8 kwa nakala 1,000. Na yule wala hakuwa mchapishaji, hakuwa hata mpiga chapa, alikuwa dalali. Mchapishaji anaweka hela YAKE, analipa mhariri, analipa kiwanda, anauza, halafu wewe anakupa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, mara nyingi kama asilimia kumi hivi. Mpiga chapa ni fundi cherehani, umeleta kitambaa kina tundu anakushonea na tundu lake, na simlaumu maana ndo kazi yake. Ila mtu anayejiita mchapishaji halafu mkono ameunyoosha kwako, huyo mkimbie.

Katoni zikashushwa Kijenge saa mbili usiku. Nikachana moja kwa kisu cha jikoni, nikanusa wino, nikalia kidogo, nakubali. Kesho yake dada yangu anapiga simu: "Kaka, kwani mjomba kafa saa ngapi?" Kufungua, kurasa 97 hadi 112 zipo mara mbili, 113 hadi 128 hazipo kabisa. Kumbe kitabu kinakunjwa kwa mafungu, langu lilikuwa la kurasa 16, kijana wa kiwandani kachukua fungu moja mara mbili na hakuna wa kukagua kwa sababu ile hela ya "uhariri" niliyolipa ililiwa nyama choma. Sasa mjomba ndo moyo wa hadithi nzima, ukurasa wa 112 anakunywa mbege anacheka, ukigeuza yale yaliyorudiwa yakaisha, tuko makaburini. Mwalimu mmoja alinipongeza, eti mbinu ya kisasa. Dalali hapatikani mpaka leo, na masika yaliyofuata gundi ikaachia, mchwa wakamalizia katoni mbili.

Ila chalii yangu, hasara yenyewe siyo hiyo. 2018 natafuta karatasi fulani kwenye makoti ya zamani nakutana na ile barua. Chini ya "tunasikitika" mhariri wa watu alikuwa ameandika mistari sita: hadithi inaanza sura ya nne, tatu za mwanzo toa, mahubiri ya shangazi punguza, kisha ulete tena. ULETE TENA. Miaka miwili nimeikalia. Nikakata zile sura, wiki mbili tu, ikawa kitu kingine kabisa, nikatuma. Wakauliza hii si ndo ile iliyotoka 2016, ina na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu? Sisi tunachukua kazi mpya. Basi. Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe kwa milioni 3.8. Siku hizi kuna mpaka Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ile ya waandishi inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), imeanza kutolewa 2023, mshindi wa kwanza milioni 10 na kitabu anachapishiwa, na mimi mjomba wangu kashatumika.

Kwa hiyo barua zako tatu zitoe leo. Zisome mpaka chini, ukiwa umekula. Penye maneno ya maana rekebisha, tuma kwingine, hela isitoke kwako. Ikirudi tuma tena, hela isitoke kwako. Na hilo la kwamba una miaka 34 umechelewa, Abdulrazak Gurnah, yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, kazaliwa 1948, kitabu chake cha kwanza kimetoka 1987, Nobeli 2021, piga hesabu mwenyewe. Riwaya yangu ya sasa imekataliwa mara nne, huyo wa nne wala hakujibu, Jumatatu nimeituma kwa wa tano.

ISBN uliyouliza inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, lakini huihitaji sasa hivi.

Ukipita Arusha nichek inbox, nina nakala 611 chini ya kitanda, chukua bure. Mjomba alivyokufa nitakuandikia kwa mkono.